Gurudumu la Nne

Breki haikuvunjika. Ilizama tu,
taratibu, kama mguu kwenye tope la mikoko,
nilipoanza kuteremka Mkanjuni
na beseni nne za changu nyuma, barafu ikidondoka.
Nikarudisha gia, nikavuta hendibreki,
nikasoma nilichokikumbuka,
na gari likaenda kuegemea ukuta wa skuli
kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Fundi Mbarouk Shaame hana gereji. Ana kivuli cha mabati
Machomane, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Kaingia chini kwa mgongo, juu ya gunia.
Kimya. Kisha mkono ukatoka peke yake
na unga wa kahawia kiganjani.
"Bi Time, hii ndiyo iliyokuwa paipu yako."

Chumvi. Miaka mitatu maji ya samaki
yalipita tundu la sakafuni, tone kwa tone,
yakatafuna chuma pale kilipobanwa na klipu,
pasipoonekana hata ukiinama.
Samaki waliosomesha wanangu
kumbe na wao walikuwa wanakula.

Kanihesabia kwa vidole vya grisi:
paipu ya shaba, mita nne na nusu, elfu sitini na tatu;
nati, kumi na sita; mafuta ya breki, ishirini na nne;
"na mkono wangu, utakavyoona mwenyewe,"
maana yake arubaini.
"Hakuna njia nyengine?"
"Ipo. Naikunja, naiponda, naiziba. Elfu tano.
Utabaki na mbili za mbele."
"Mbili? Gari lina magurudumu manne."
"Lako," kasema, "linasimama kwa matatu
tangu kabla hujanijia."

Nikainama, buibui nimelikusanya magotini.
Nyuma kushoto, juu ya ekseli, kipande cha paipu
kimekunjwa mara mbili, kimepondwa bapa kama ulimi wa kasuku,
kina kutu ya zamani, kutu isiyokuwa yangu.
Gari hili kaniuzia shemegi yangu, Khatib Faki.
Kaapa kwa uzima wa mama yake halina kasoro.
Na mimi likinivuta kulia kila nikisimama
nikidhani ndiyo tabia yake.

Nikavua bangili moja. Ya pili nikaiacha,
mkono usione haya.

Shaba ilikuja imeviringwa kama tambi.
Kainyoosha kwa kibao, kaipima kwa mzoga wa ile ya zamani,
kakata, kavisha nati kwanza, ndipo akachanua mdomo.
"Ukisahau nati," kasema, "unakata upya, na unajitukana."
Kona ya tangi kaipinda kwa kidole gumba tu,
polepole, kama mtu anayemshawishi mtoto kuvaa shati.

Mwanafunzi wake alikuwa chuoni, alasiri,
basi upepo nikautoa mimi. Nikavua kiatu.
"Kanyaga."
Pedali ikaenda hadi chini, tupu.
"Kamata hapohapo!"
Chini, spana ikalia, kitu kikapumua povu.
"Achia. Kanyaga."
Mara kumi na tatu nyuma kushoto peke yake.
Gurudumu lililosahauliwa, kasema, lina mengi ya kutoa.
Ya kumi na nne wayo wangu ukagonga
kitu kigumu, kilichonijibu.
Sikuachia hata aliponambia.

Kipande kilichopondwa nilikiosha kwa petroli,
nikakiweka juu ya dashibodi, karibu na tasbihi.

Jumamosi Khatib kaomba lifti mpaka Mtambile.
Kapanda, kasalimia, kakiona.
Kakitazama kwa muda
wa mtu anayesoma jina lake kwenye karatasi ya madeni.
"Hiki nini, shemegi?"
"Chuma tu."
Tukafika kichwa cha mteremko. Sikugusa breki bado.
Nikasikia, pembeni yangu,
mkono wake ukipapasa, ukitafuta mkanda.